Haki ya Jirani katika Mbwa Atorokaye Uani

Mbwa ni mnyama ambaye sharia imeruhusu kumweka kwa haja maalumu, nazo ni kuwinda, na kuchunga wanyama, na kulinda shamba, na wanavyuoni wengi wameitia katika hukumu hiyo haja ya kulinda nyumba, kwa kuwa maana yake ni moja. Basi mtu akaaye pembezoni mwa mji, mwenye ua na mbuzi watatu na banda la kuku, akiweka mbwa kwa khofu ya wezi, hana lawama. Lawama huja baadaye, naye aghlabu haioni iingiapo: huingia siku ile mbwa alipopata mwanya akatoka uani, na mwenyewe akacheka akasema, "Atarudi tu akiona njaa."

Na kweli hurudi. Lakini baina ya kutoka kwake na kurudi kwake mna mambo yasiyomkhusu yeye peke yake wala bwana wake peke yake. Ichukuliwe mathalan kuwa usiku ilinyesha mvua. Jirani ametoka na udhu wake na kanzu yake safi, aenda msikitini kusali alfajiri. Na mbwa aliyelowa akaja mbio akamsugua ubavuni kwa furaha. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani hii, nguo ile haisaliki mpaka ioshwe mara 7, mara moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Lau mbwa na nguo vyote vilikuwa vikavu, hapangekuwa na najisi ya kuhama. (Imamu Malik amehukumu kuwa mbwa aliye hai ni tahiri, lakini hilo halimfai kitu jirani yule aliyesimama njiani, na huko msikitini sala imekwisha kukimiwa.)

Na hilo ndilo dogo. Kuna mtoto aendaye chuoni na juzuu yake mkononi, akimwona mbwa hukimbia, na mbwa akimwona mtu akimbiaye humfuata. Kuna kuku wa mjane. Kuna pikipiki ishukayo barabarani kwa kasi, mbwa akaikatiza njia, na aliyeipanda akaanguka.

Je, khasara hiyo ni juu ya nani? Katika Minhaji ya Imamu Nawawi imetajwa hukumu ya paka aharibuye ndege au chakula cha watu: ikiwa tabia hiyo imejulikana kwake, mwenyewe hudhamini, ikiwa ni usiku au mchana, na kama haikujulikana, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa hadhamini. Na mbwa mkali aliyeachiliwa, hukumu yake yaenda njia iyo hiyo. Basi neno lote limo katika kule kujua. Mara ya kwanza mbwa alipotoka, huenda mwenyewe alikuwa hajui. Mara ya pili amekwisha kujua, wala hawezi tena kusema kuwa ni ajali.

Na la ajabu ni kuwa mbwa naye ni vivyo hivyo. Kabla ya kutoka mara ya kwanza hakujua kuwa ua una mwisho wake. Akiisha kutoka, ajua.

FASLU: MBWA AJIFUNZALO AKITOKA

Mnyama hulishika tendo kwa malipo yake. Mbwa akiruka kitalu akaanguka upande wa pili, hapo hapo amelipwa: amepata harufu mpya, na jaa la kuchakura, na mbwa wenziwe, na pengine mbwa jike. Malipo hayo hayakutoka mkononi mwa bwana wake, bali yamekuja kwa papo hapo na kwa ukamilifu, nayo ni makubwa kuliko mfupa wowote atakaopewa nyumbani. Kesho atajaribu tena mahali pale pale. Na akizuiwa siku tatu, siku ya nne akafaulu, hamu yake haipungui bali huzidi, kwa kuwa sasa amejifunza pia kuwa asikate tamaa.

Kwa sababu hii mtu azibaye ua wake kidogo kidogo huharibu zaidi ya kutengeneza. Kitalu kilikuwa na kimo cha futi 4, mbwa akakiruka. Mwenyewe akaongeza mstari mmoja wa matofali. Mbwa akahangaika siku mbili, kisha akakiruka. Akaongeza mstari wa pili, mbwa akauweza nao. Mtu yule adhani kuwa amjengea mbwa kizuizi, kumbe amjengea darasa, ampandisha daraja baada ya daraja kama mwanafunzi. Lau tangu siku ya kwanza kitalu kingalipandishwa mara moja hata futi 6, huenda mbwa asingalijaribu kabisa. Matengenezo yawe makubwa kuliko ionekanavyo haja, tena yafanywe siku ile ile, na mpaka yaishe mbwa asiachwe uani peke yake hata saa moja.

FASLU: KUJUA ATAFUTALO

Wengi huanza kwa kutazama ukuta. Yafaa kuanza kwa kumtazama mbwa. Mtu na ajifiche dirishani asubuhi moja na jioni moja, atazame ni saa ngapi ahangaikapo, na aelekea upande gani, na nini kimepita njiani kabla ya hapo. Ua ule ule usiomzuia mbwa mwenye haja humtosha mbwa asiyekuwa nayo.

Aghlabu sababu ni ukiwa. Mbwa ni mnyama wa kundi, na mbwa wa ulinzi hutupwa uani tangu asubuhi hata usiku hana kazi wala mwenzi, akiitwa pale tu alipwapo makombo. Dawa yake haina gharama: kutembezwa kwa kamba baada ya alfajiri na tena jua lipoapo, aachwe anuse ardhi kwa mapenzi yake, maana kunusa kwake ni kama kusoma kwa mtu. Na chakula chake kisimwagwe chote mahali pamoja. Kikitiwa katika vifuu viwili vitatu vyenye tundu dogo, vikafichwa huku na huku, ataitumia saa nzima kukitafuta na kukilamba, na saa hiyo haitazami njia. Na khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie, yajulikana na kila aliyesoma chuoni. Aliyemfungia mnyama amejitwisha riziki yake yote, na maji yake pia.

Kuna afukuaye kwa joto, wala hana nia ya kutoroka. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu, illa kidogo chini ya nyayo. Hupoa kwa kuhema, na kwa kulala juu ya udongo baridi. Katika pwani hii, jua la Januari likipiga, hufukua chini ya kitalu penye kivuli ili apate pa kulala, na shimo likifika upande wa pili akaona mwangaza, hutoka. Mbwa huyo apewe kivuli, na shimo la mchanga uliotiwa maji katikati ya ua, naye ataufuata mchanga wake.

Dume lina sababu yake nyingine. Mbwa jike hushikwa na joto kiasi cha mara mbili kwa mwaka, na kila mara hudumu kwa wiki 3 hivi, na harufu yake huyafikia madume ya mbali. Siku hizo dume lililokuwa tulivu mwaka mzima hula mlango. Waganga wa wanyama hushauri kuhasi, na kweli madume mengi yakihasiwa hupunguza kuzurura, japo si kwa siku moja. Lakini katika madhehebu ya Shafi kuhasi mnyama asiyeliwa kumekatazwa, na wako wanavyuoni wa madhehebu mengine, na wa zama hizi, walioruhusu ikiwa pana manufaa ya wazi au ni kwa kuondoa madhara; basi mwenye mbwa na amuulize amwaminiye katika elimu yake. Asiyehasi ajue kuwa amechagua kazi: wiki zile 3 dume lake lilale bandani penye komeo, na likitoka litoke kwa kamba.

Iliyobaki ni khofu, nayo ndiyo itoayo mbwa ambaye hajatoka maisha yake yote. Radi, na fataki za sikukuu na za mwaka mpya, humtia mbwa kiwewe hata akaparamia ukuta asiouweza na kukimbia mbali asikokujua. Na mbwa aliyekimbia kwa khofu si kama aliyekwenda kutembea, huenda asijue njia ya kurudi. Usiku wa kuandama mwezi wa Idi, mbwa awe ndani ya banda lenye paa kabla ya magharibi.

FASLU: UA WENYEWE

Lango litangulie kuliko kitalu, kwa kuwa ndiko watokako wengi, tena si kwa werevu wa mbwa bali kwa usahaulifu wa watu. Mtoto ametumwa dukani, mikono yake imejaa, amelisukuma lango kwa mguu na kwenda zake. Kumkaripia mtoto hakufai kitu. Lifanywe lango lijifungalo lenyewe: kamba ifungwe langoni, ipitishwe juu ya kapi iliyo katika nguzo, na mwisho wake litungikwe jiwe zito, mtu akiliachilia, jiwe hushuka na lango hurudi. Na lifunguke kwa kuelekea ndani, ili mbwa akilisukuma kwa kifua aligandamize katika mwimo wake badala ya kulifungua. Komeo liwe la kuinuliwa kwa mkono. La kusukumwa, mbwa mwerevu hulijua kwa pua. Na mwenye nafasi na uwezo akajenga lango la pili hatua chache ndani ya lile la kwanza, ili moja lifungwe kabla jingine halijafunguliwa, huyo amepumzika.

Arukaye huzuiwa kwa kimo, lakini kwanza huzuiwa kwa kuondolewa ngazi. Pipa la maji, na lundo la kuni, na banda la kuku lililoegemezwa kitaluni, na shina la mpapai lililoinama, vyote hivi ni ngazi, na mwenye nyumba amevizoea hata havioni tena. Vikiondolewa, mara nyingi futi 5 hutosha ambapo 7 hazikutosha. Mbwa wa kuparamia, yaani ashikaye juu kwa mikono kisha akajivuta, hazuiwi kwa kimo peke yake: juu ya kitalu patiwe wavu wa chuma ulioinamia ndani kama upenu, futi moja na nusu au mbili, naye akifika juu hukuta dari. Wengine hupitisha waya juu ya kitalu, wakautia katika bomba jepesi. Mbwa akilishika, bomba huzunguka, na mikono huteleza akaanguka alikotoka bila ya kuumia.

Amma vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya kuta, kama ilivyo desturi ya miji yetu, si dawa ya mbwa. Yeye haoni chupa mpaka imemkata, na akiisha kukatwa huwa ameshapita. Ni kumjeruhi mnyama kwa kosa asilolielewa, na ukuta haukumzuia.

Afukuaye, ugo wa makuti au wa fito si kitu mbele yake, na kitalu cha mawe kisichokuwa na msingi wa kina humshinda siku chache tu. Kuzika ukuta chini sana ni gharama. Lililo jepesi ni kutandaza wavu wa chuma juu ya ardhi kwa upande wa ndani, upana wake futi 2, ukingo mmoja ufungwe imara chini ya ugo, kisha ufunikwe kwa udongo wa inchi chache na mawe juu yake. Mbwa huanza kufukua pale pale ukuta ugusapo ardhi. Huko hukutana na wavu, wala hapati akili ya kurudi nyuma futi 2 aanzie hapo. Ncha za wavu zikunjwe chini zisimchome. Na tundu la maji ya mvua lisisahauliwe: kila kitalu kinalo, na aghlabu mahali pa kupita kichwa cha mbwa mwembamba na mwili nao hupita. Litiwe nondo za kusimama, zenye nafasi ya kupitisha maji na takataka, zisizopitisha kichwa.

Mbwa aonaye njia kupitia mianya ya ugo hushinda akibweka na kujitupa. Mikeka mibovu au makuti mapya yakizibwa upande wa njia hadi kimo cha macho yake, nusu ya hamaki yake huondoka.

Kuna wasemao: kwa nini taabu zote hizi, na mnyororo wauzwa? Mnyororo una siku yake, kama vile siku ya kutengeneza ukuta. Lakini mbwa afungwaye mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, huwa mkali kwa kila akaribiaye, mtoto wa nyumbani naye, na siku mnyororo ukatikapo hutoka mbwa mwingine aliye mbaya kuliko yule aliyefungwa. Na lau sharti afungwe, afungwe kwa kamba iendayo juu ya waya mrefu uliotandwa katikati ya ua, apate kwenda na kurudi. Wala kamba isimfikishe ukutani hata kidogo. Mbwa aliyefungwa karibu na kitalu huruka, na kamba isipofika chini upande wa pili hunyongwa akafa. Jambo hili limetokea mara nyingi, na wenyewe walikuwa wamelala.

FASLU: AKIISHA KUTOKA

Asifuatwe mbio, kwani mbwa akifukuzwa huona ni mchezo, na mwenye miguu minne hashindwi. Aitwe kwa sauti ya kawaida na mtu akirudi nyuma, au akichuchumaa, mkononi ana chakula kinukacho kama vile papa mkavu. Na akija, asipigwe. Hapa wengi hukosea, tena kwa hasira iliyo na haki. Mbwa hafungamanishi bakora na kitalu alichokiruka saa mbili zilizopita. Huifungamanisha na tendo lake la mwisho, nalo ni kurudi. Apigwaye kila arudipo hujifunza kutorudi, au husimama mbali na mkono wa bwana wake mpaka usiku. Akirudi apewe chakula, atiwe ndani, kisha hasira ipelekwe ukutani likatafutwe tundu.

Ukanda wake wa shingoni uwe na alama ya mwenyewe, ili amwonaye njiani ajue kuwa si mbwa koko, na ajue pa kupeleka khabari.

Na la mwisho ndilo zito kuliko yote. Maradhi ya kichaa cha mbwa yaingia mwilini kwa mate ya mnyama mgonjwa, aghlabu kwa kuuma. Na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika watu 100 wapatao maradhi haya, 99 wameyapata kwa mbwa. Dalili zikiisha kumdhihirikia mtu, kupona ni jambo la nadra mno, karibu na kutokuwako. Mbwa ambaye kamwe hakutoroka, akibadilika ghafula tabia yake, akavunja ua akaenda mbali akiuma bila ya sababu, huyo asidhaniwe kuwa ni mtoro tu.

Kisiwa cha Pemba kina khabari ya kuzingatiwa. Toka mwaka 2010 maradhi yale yalifuatiliwa huko, na mbwa wa kisiwa kizima wakachanjwa mwaka baada ya mwaka, hata ilipofika Mei 2014 minyororo yote ya maambukizo ilikuwa imekatika. Kisha uchanjaji ukalegea. Mwishoni mwa 2016 maradhi yaliingia kisiwani mara mbili, yakaenea upya. Na uchanjaji ulipohuishwa yakatokomezwa tena Oktoba 2018. Kisiwa kimezungukwa na bahari, nacho kiliingiliwa. Seuze ua wa makuti. Basi mbwa wa ulinzi achanjwe akiwa na umri wa miezi 3, kisha irudiwe kama aagizavyo mganga wa wanyama, hata kama ua wake ni wa mawe na hajapata kutoka.

Mtoto au jirani akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo, muda wa dakika 15 kamili, ijapokuwa jeraha ni dogo na ijapokuwa mbwa ajulikana. Lisitiwe pilipili wala mafuta, wala lisifungwe kwa kubanwa. Kisha aende hospitali siku ile ile, na gharama ni juu ya mwenye mbwa, ambaye ukuta wake alikuwa akiujua. Mbwa asiuawe wala asifukuzwe, ikiwa aonekana mzima. Afungiwe peke yake, alishwe, atazamwe siku 10. Wala aliyeumwa asingoje siku hizo ziishe ndipo aende: sindano huanza siku ya kwanza, na mbwa akiwa hai na mzima hata siku ya 10, daktari ndiye atakayesema kama zilizobaki zaweza kuachwa.